Boran Waliokataa Kufa kwa Ndigana

Ng'ombe 97 walikumbwa na vimelea vya ndigana kali, wakafa 44. Wengine 20 walikumbwa na vimelea hivyohivyo, akafa mmoja. Kilichoyatenganisha makundi hayo mawili, watafiti walipoyapanga, ni herufi moja tu ndani ya vinasaba, kwenye kromosomu ya 15. Herufi hiyo haionekani kwenye rangi ya ngozi, kwenye pembe wala kwenye nundu. Mnunuzi mzoefu anaweza kushinda mnadani siku nzima akikagua meno na kwato, na bado asijue yupi anayo na yupi hana.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la PLOS Genetics. Waliohusika ni wanasayansi wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao Nairobi, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Roslin huko Uskoti, ambako kondoo Dolly alizaliwa mwaka 1996. Walianza na ukoo mmoja wa Boran, ng'ombe wa nyama anayefugwa kwenye ranchi za Kenya na Tanzania, ambao wengi wake walikuwa wakipona pale ambapo wengine hufa. Wakafuatilia nani amezaliwa na nani, nani amekufa na nani amepona, hadi wakafika kwenye kipande kidogo cha kromosomu. Kisha wakakijaribu kwa ng'ombe wengine wasio wa ukoo huo, na jibu likawa lilelile.

Kwa mfugaji wa Afrika Mashariki habari hii ni kubwa, kwa sababu ndigana kali ni ugonjwa anaoujua kwa hasara. Huletwa na kupe wa kahawia anayependa kung'ang'ania ndani ya sikio. Kimelea anachokibeba, Theileria parva, huingia kwenye chembe nyeupe za damu, yaani askari wenyewe wa mwili, na kuzilazimisha zigawanyike ovyo mithili ya saratani. Kwanza huvimba tezi iliyo chini ya sikio. Halafu homa inapanda, mnyama anaacha kula, anapumua kwa shida, na mwishoni povu linatoka puani kwa sababu mapafu yamejaa maji. Mara nyingi wiki tatu au nne zinatosha kumaliza kila kitu. Inakadiriwa kwamba zaidi ya ng'ombe milioni moja hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka.

Chanjo ipo. Ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika miaka ya 1970. Mnyama hupewa vimelea hai na papo hapo huchomwa sindano ya oksitetrasaiklini ili ugonjwa usimlemee, akabaki na kinga. Wafugaji wengi, Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania wakiwa mstari wa mbele, wameitumia kwa mafanikio. Lakini lazima isafirishwe ndani ya nitrojeni ya kimiminika, itolewe na mtaalamu, na kila ndama mpya anahitaji dozi yake. Ustahimilivu wa kuzaliwa nao hauhitaji mtungi wa baridi. Unapita kutoka kwa baba na mama hadi kwa mtoto bila gharama yoyote ya ziada.

Tatizo lilikuwa kumjua aliye nao. Kabla ya herufi ile kugunduliwa njia ilikuwa moja: waache kupe wawaume, kisha hesabu waliobaki. Hakuna mfugaji mwenye akili timamu anayeweza kuchagua madume kwa njia hiyo. Hapo ndipo alama za vinasaba zinapoleta kitu ambacho jicho, mizani na uzoefu wa miaka mingi haviwezi kukileta.

Ng'ombe ana jozi 30 za kromosomu, na ndani yake kuna maandishi yenye herufi karibu bilioni tatu. Herufi zenyewe ni nne tu, A, C, G na T, zikijirudia kwa mpangilio wa kila aina. Ukiwalinganisha ng'ombe wawili, sehemu kubwa mno ya maandishi hayo inafanana. Hapa na pale, hata hivyo, mmoja ana C na mwenzake ana T. Sehemu hizo za tofauti, zikishajulikana mahali zilipo, ndizo zinazoitwa alama. Mara chache alama yenyewe ndiyo inayofanya kazi: inabadilisha protini fulani, na mwili wa mnyama unabadilika. Mara nyingi zaidi inafanana na mbuyu ambao msafiri akiuona kwa mbali anajua kisima kiko jirani. Mbuyu hautoi maji, lakini kwa kuwa umesimama karibu na kisima, anayeufuata hafi kwa kiu. Alama iliyo karibu na jeni muhimu hurithiwa pamoja nayo kwa vizazi vingi, kwa hiyo ukiisoma alama unabashiri jeni.

Kuichukua sampuli ni kazi ya dakika chache. Ndama anabanwa kwenye kibanio, mtu anashika nywele za mwisho wa mkia, anazizungusha kidoleni na kuzing'oa kwa mvuto mmoja. Zikikatika hazifai. Kinachotakiwa ni vile vishina vidogo vyeupe vilivyo kwenye mzizi, kwani ndimo zilimo chembe zenye vinasaba. Nywele ishirini au thelathini zinabandikwa kwenye kadi, namba ya hereni ya ndama inaandikwa, na kadi inatumwa maabara. Wengine hutumia koleo dogo linalotoboa sikio na kudondosha kipande cha ngozi ndani ya kichupa. Namba ikikosewa, kazi yote imeharibika, na wataalamu wa maabara husema kwamba makosa mengi hutokea zizini, kwenye kuandika namba.

Kitabu kizima cha vinasaba vya ng'ombe kilisomwa kwa mara ya kwanza kutoka kwa jike mmoja wa aina ya Hereford aliyeitwa L1 Dominette 01449, aliyefugwa katika kituo cha utafiti cha Fort Keogh, jimbo la Montana nchini Marekani. Wanasayansi zaidi ya 300 kutoka nchi 25 walishiriki, na matokeo yakatangazwa katika jarida la Science mwezi Aprili mwaka 2009. Jeni zilizohesabiwa zilikuwa kama 22,000. Wakati huohuo kampuni ya Illumina ilikuwa imeanza kuuza kijibao kidogo cha kioo kinachosoma alama zaidi ya 50,000 kwa mkupuo mmoja. Bei ya kusoma alama moja ikashuka ghafla, na ufugaji wa nyama ukapata chombo ambacho wanahesabu walikuwa wameshakiandalia matumizi.

Wanahesabu hao walikuwa Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard. Mwaka 2001 walitoa makala wakisema hakuna haja ya kutafuta jeni moja moja. Chukua maelfu ya alama zilizotapakaa kwenye kromosomu zote, zipe kila moja uzito wake, hata kama ni mdogo kiasi gani, kisha jumlisha. Jumla hiyo itakuambia ndama atakuwa mzazi wa namna gani kabla hajaota meno ya pili. Wakati ule ilionekana kama mchezo wa kompyuta, maana hakuna aliyeweza kusoma alama nyingi kiasi hicho kwa gharama ya maana. Miaka saba baadaye ikawezekana.

Ili kuelewa kwa nini wazo hilo lilibadilisha biashara, fikiria muda ambao dume wa nyama huhitaji ili athibitishwe kwa njia ya zamani. Anafikisha umri wa kupanda akiwa na mwaka mmoja na nusu au miwili. Majike aliowapanda wanabeba mimba miezi tisa. Ndama wanakua, wananenepeshwa, wanachinjwa wakiwa na miaka miwili au mitatu, na hapo ndipo nyama yao inapimwa. Mpaka mfugaji ajue kwamba dume huyo alikuwa hazina, huenda ameshamuuza, au dume mwenyewe ameshavunjika mguu au kufa. Kwa alama, makadirio hupatikana ndama akiwa bado ananyonya. Si makadirio kamili, lakini ni bora kuliko kungoja miaka mitano ndipo ujue.

Chama cha wafugaji wa Angus nchini Marekani ni miongoni mwa vyama vilivyofika mbali zaidi kwa ng'ombe wa nyama. Hifadhidata yake ina ng'ombe zaidi ya milioni moja waliosomwa vinasaba, na makadirio ya ubora wa kila mnyama husahihishwa kila wiki taarifa mpya zinapoingia. Watu wanaoshangazwa na idadi hiyo husahau jambo moja. Chama hicho kilianza mpango wake wa kupima na kuandika uzito wa ndama mwaka 1958, nusu karne kabla ya kijibao cha alama 50,000 kuwapo. Herufi za vinasaba peke yake hazisemi lolote. Zinasema pale tu zinapowekwa kando ya uzito halisi wa ndama halisi aliyepandishwa kwenye mizani siku fulani, na mtu akaandika.

Hili ndilo jambo ambalo wafugaji wetu wanatakiwa kulielewa kabla ya kuuziwa vipimo, na litajirudia huko mbele.

Miaka ya mwanzo ya 2000 ilikuwa na somo lake kuhusu vipimo vinavyouzwa mapema. Kampuni kadhaa za Marekani na Australia zilileta sokoni vipimo vya alama mbili tatu, zikiahidi nyama laini au nyama yenye mafuta ndani yake. Watafiti huru walipovipima kwenye makundi mengine ya ng'ombe, baadhi vilionekana kueleza sehemu ndogo sana ya tofauti kati ya mnyama na mnyama. Sababu ni kwamba ukuaji, mafuta na uwezo wa kuzaa hutawaliwa na mamia, pengine maelfu ya jeni, kila moja ikichangia chembe. Kumtathmini dume kwa alama mbili ni kumhukumu kwa kisichofika hata robo ya ushahidi.

Hata hivyo, vipimo vya ulaini wa nyama vilisimama juu ya msingi wa kweli, na msingi huo unamgusa kila anayekula nyama ya ng'ombe mwenye nundu. Mnyama akishachinjwa, ndani ya misuli yake kimeng'enya kiitwacho kalpaini huendelea kukata nyuzi za protini polepole, na nyama inalainika. Kimeng'enya hicho kina kizuizi chake, kalpastatini. Ng'ombe wa asili ya zebu huwa na kalpastatini inayofanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko ng'ombe wa Ulaya, na hiyo ni moja ya sababu kubwa za nyama yao kuwa ngumu zaidi. Alama kwenye jeni za vitu hivyo viwili zinajulikana, na mfugaji anaweza kuchagua dume ambaye watoto wake watakuwa na nyama laini zaidi.

Je, inamlipa mfugaji wa Dodoma au wa Laikipia kufanya hivyo leo? Kwa soko la kawaida la mijini kwetu, bado. Kalpaini huhitaji siku kadhaa za kuning'inia kwenye chumba cha baridi ili imalize kazi yake. Ng'ombe wetu wengi huchinjwa usiku, alfajiri wako kwenye ndoano buchani, na adhuhuri nyama iko sufuriani. Isitoshe, katika minada mingi mnyama huuzwa kwa kukadiriwa kwa macho, na bucha huuza kilo bila kuuliza ng'ombe alikuwa wa ukoo gani. Ulaini ambao hakuna anayeulipia hauna sababu ya kuwekwa mbele kwenye uchaguzi wa madume. Wanaouza hotelini au nje ya nchi, wenye vyumba vya baridi na mikataba ya ubora, hesabu yao ni tofauti, na kwao alama hizi zina faida halisi.

Uzito nao usimshawishi mtu kukimbilia maabara. Uzito wa ndama anapoachishwa kunyonya hupimwa kwa mizani, na asiye na mizani anaweza kuzungusha utepe nyuma ya miguu ya mbele na kukadiria kilo kutokana na mzingo wa kifua. Ni sifa inayoonekana mapema na inayorithiwa kwa kiasi. Alama hulipa zaidi kwa yale yasiyoonekana au yanayochelewa: ubora wa nyama, unaojulikana mnyama akiwa ameshakufa, uwezo wa jike kuzaa kila mwaka, unaohitaji miaka kuthibitika, na ustahimilivu wa magonjwa, ambao kuupima moja kwa moja ni kuhatarisha maisha ya mnyama. Kaskazini mwa Australia, kwenye joto na majani makavu kama ya kwetu, watafiti walitumia miaka kuwapima mitamba wa aina ya Brahman kwa ultrasaundi ili kujua kila mmoja anapevuka lini. Walijua kwamba jike anayechelewa kushika mimba ni hasara kubwa ranchini, na ndiye ambaye jicho halimwoni.

Kuna eneo jingine ambalo alama hazina mpinzani, nalo ni kasoro za kurithi. Mwaka 2008 wafugaji wa Angus nchini Marekani walianza kuripoti ndama waliozaliwa wafu, wembamba, miguu imekakamaa na uti wa mgongo umejipinda. Uchunguzi wa nasaba ukaonyesha kwamba koo zote zilikutana kwa fahali mmoja maarufu, GAR Precision 1680, ambaye mbegu zake zilikuwa zimesambazwa kwa uhimilishaji kila kona kwa sababu watoto wake walikua vizuri. Mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Alibeba nakala moja ya jeni mbovu, na ndama huathirika pale tu anaporithi nakala mbili, moja kwa baba na nyingine kwa mama. Kadiri wajukuu na vitukuu wake walivyozidi kupandishwa wao kwa wao, ndivyo nakala hizo zilivyokutana.

Kikundi cha Jonathan Beever katika Chuo Kikuu cha Illinois kilipata sehemu iliyoharibika, na kabla ya mwaka huohuo kwisha kipimo kikawa kinapatikana. Bila alama, wafugaji wangelazimika ama kuufuta uzao wote wa fahali huyo, wazima kwa wabebaji, ama kuendelea kufukia ndama. Kwa alama waliwatenga wabebaji na kuwabakiza wengine. Ukweli huu unastahili kukumbukwa kila mara serikali au mradi unapogawa mbegu za madume wachache kwa nchi nzima.

Wabelgiji wanatoa onyo la namna nyingine. Ng'ombe wao wa Belgian Blue ana misuli iliyotuna kupita kiasi, na mwaka 1997 ilibainika kwamba chanzo chake ni herufi 11 zilizokosekana kwenye jeni ya miostatini, ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isikue bila kikomo. Wafugaji waliipenda misuli hiyo muda mrefu kabla ya sayansi kuieleza, wakaichagua kizazi baada ya kizazi. Matokeo yake ni kwamba ndama walio wengi hawawezi kupita, na karibu uzazi wote wa aina hiyo hufanywa kwa upasuaji. Nchini Ubelgiji daktari wa mifugo yuko umbali wa dakika chache kwa gari. Kwenye mbuga za Longido au Isiolo, jeni hiyo ingeua mama na mtoto pamoja.

Basi kwa nini wafugaji wa Boran wasichukue tu makadirio ya Angus na kuyatumia? Kwa sababu hayawafai. Uzito unaopewa kila alama hutokana na ng'ombe waliopimwa, na uhusiano kati ya alama na jeni iliyo jirani hubadilika kutoka aina moja hadi nyingine. Alama inayotabiri ukuaji kwa Angus wa Nebraska inaweza isitabiri kitu kwa zebu wa Singida. Zaidi ya hayo, alama zilizowekwa kwenye vijibao vya kwanza zilichaguliwa kwa kiasi kikubwa kutokana na ng'ombe wa asili ya Ulaya, na nyingi kati yake kwa zebu hazina tofauti yoyote ya kusoma. Wabrazili waliliona hili mapema. Ng'ombe wao wengi wa nyama ni Nelore, zebu wenye asili ya India, na walilazimika kujijengea kumbukumbu zao na makadirio yao wenyewe.

Na ng'ombe wa Afrika wana utajiri wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Genetics ulisoma vinasaba vyote vya ng'ombe 172 wa asili ya Afrika na kuonyesha mchanganyiko wa damu ya ng'ombe wa kale wasio na nundu na damu ya zebu waliotoka Asia, mchanganyiko uliofanyika kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita. Ndani ya mchanganyiko huo zimo jeni za kuvumilia joto, ukame na magonjwa, zilizochujwa na mazingira ambayo Angus hajawahi kuyaishi.

Mfano ulio bora kuliko yote ulitokea hapahapa. Watafiti wa ILRI walimpandisha N'Dama, ng'ombe mdogo wa Afrika Magharibi asiye na nundu na anayehimili nagana inayoenezwa na mbung'o, na Boran wa Kenya, ambaye nagana humwangusha. Wajukuu 177 wa ndoa hizo walisomwa kwa alama 477, wakaambukizwa, na kila mmoja akafuatiliwa damu yake, uzito wake na idadi ya vimelea mwilini. Matokeo yalitoka mwaka 2003. Kama ilivyotarajiwa, katika sehemu tisa za kromosomu nakala ya kinga ilitoka kwa N'Dama. Lakini katika sehemu tano ilitoka kwa Boran, yule yule aliyedhaniwa hana kitu. Waandishi wakahitimisha kwamba kwa kuchagua vizuri ndani ya mchanganyiko huo, inawezekana kumpata ng'ombe anayehimili nagana kuliko wazazi wote wawili. Hakuna jicho la mfugaji ambalo lingeweza kuiona hazina hiyo ndani ya mnyama anayeonekana kudhoofika kwanza.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Ranchi za taifa kama Kongwa hufuga Boran, Mpwapwa kuna aina iliyotengenezwa nchini yenye jina la mji huo, na kituo cha Usa River mkoani Arusha huzalisha mbegu za uhimilishaji. Kenya ina chama cha wafugaji wa Boran tangu mwaka 1951, chenye vitabu vya nasaba, na wanyama wake wamepelekwa Zambia, Afrika Kusini hadi Australia. Msingi upo. Kinachopungua ni kumbukumbu za vipimo: ndama alizaliwa lini, mama yake nani, alikuwa na kilo ngapi alipoachishwa, mama alichukua muda gani kushika mimba nyingine, nani alikufa na kwa ugonjwa gani.

Wafugaji wa asili si wageni wa mambo haya. Wengi humchagua dume kwa kumtazama mama yake: alizaa mara ngapi, alivukaje ukame, ndama wake walinyonya wakashiba. Mzee anayeweza kutaja mababu wa ng'ombe wake kwa vizazi kadhaa anabeba kichwani sehemu ya daftari ambalo maabara inalihitaji. Ila akifariki, daftari linakwenda naye. Mradi wa ILRI wa ng'ombe wa maziwa ulioanza Tanzania na Ethiopia mwaka 2016 umeonyesha kwamba hata kwa mwenye ng'ombe mmoja au wawili kumbukumbu zinawezekana. Vijana walipita nyumba kwa nyumba na simu, wakaandika lita, wakazungusha utepe kifuani na kuchukua nywele. Pale ambapo hakuna aliyejua baba wa ng'ombe ni nani, vinasaba vyenyewe vilionyesha undugu. Kazi ya namna hiyo kwa ng'ombe wa nyama ni ngumu zaidi, kwani hakuna ndoo ya maziwa inayomfanya mtu apime kila asubuhi, na mifugo huhama. Ngumu, lakini hereni ya sikioni na mizani moja kwenye josho la kijiji zingekuwa mwanzo mzuri.

Tahadhari kuhusu herufi ya ndigana nazo zipo. Ng'ombe 20 wenye nakala mbili ni kundi dogo, na majaribio kwenye maeneo zaidi yanahitajika kabla mtu hajafunga josho lake. Kupe huyohuyo hubeba maradhi mengine, na nyati, ambaye ndiye mwenyeji wa asili wa Theileria parva, bado anazunguka pembezoni mwa hifadhi akiwa na vimelea vyake. Ustahimilivu unakwenda pamoja na chanjo na kuogesha.

Lakini hesabu ya kuipandikiza herufi hiyo kundini ni rahisi kiasi kwamba mwenye ranchi anaweza kuichora kwenye karatasi. Tuseme majike wake wote wana nakala mbili za C, ile ya kawaida. Akipata dume mwenye T mbili, yaani ile herufi ya ustahimilivu, ndama wote wa kwanza watazaliwa na C moja na T moja, na idadi ya wabebaji itakuwa imetoka sifuri hadi kundi zima kwa msimu mmoja. Mitamba hao wakikua, anawapandisha kwa dume mwingine mwenye T mbili, asiye baba yao wala ndugu wa baba yao, ili asije akakaribisha kasoro kama ile ya Angus. Wastani wa nusu ya ndama wa mzao huo watakuwa na T mbili. Nywele za mkia zitamwambia ni nusu ipi wakiwa bado na wiki chache, kabla kupe wa kwanza hajapanda sikioni. Kisha, kati ya hao, atawapandisha kwenye mizani siku ya kuachishwa, na watakaobaki kuwa madume ni wale waliobeba herufi hiyo pamoja na kilo.